Kutoka Bangboka hadi La Haye: malalamiko ya wahanga wa Kisangani bado yanangoja jibu

Uwanja wa ndege wa Bangboka uko umbali wa kilometa 17 hivi kutoka katikati ya mji wa Kisangani, upande wa mashariki. Kwa vijana wengi wa Tshopo ni mahali pa kumpokea mgeni au kumsindikiza ndugu anayekwenda Kinshasa. Kwa wazazi wao, uwanja huo unakumbusha mambo mengine. Tarehe 1 Septemba 1998, wanajeshi wa Uganda waliingia kwenye uwanja wa ndege wa Kisangani. Miaka baadaye, mbele ya majaji wa La Haye, Uganda yenyewe ilieleza kwamba ilituma batalioni moja kusimamia sehemu yake ya uwanja, baada ya kualikwa na Rwanda. Nchi mbili jirani ziligawana uwanja wa ndege wa mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao.

Historia hii inaanzia hapo. Inapita kwenye nyumba zilizobomolewa na makaburi, inavuka bahari hadi mahakamani Ulaya, kisha inarudi Kisangani na kusimama mbele ya mlango wa ofisi. Hapo mlangoni ndipo ilipokwama. Mhanga analeta malalamiko yake, lakini hajui nani atamjibu, atamjibu lini, wala kwa kanuni gani.

Vita mara tatu ndani ya mji mmoja

Uganda na Rwanda ziliingia Kongo mwaka 1998 zikiwa marafiki, zote zikiunga mkono waasi wa RCD. Mwaka uliofuata RCD iligawanyika. Kundi la Profesa Ernest Wamba dia Wamba lilikuwa Kisangani na kutegemea Uganda, huku kundi la Goma likitegemea Rwanda. Ugomvi wa wakubwa juu ya uongozi wa waasi, pamoja na tamaa ya almasi na utawala wa mji, uligeuka kuwa vita.

Mapigano ya kwanza yalikuwa katikati ya Agosti 1999. Ya pili yalitokea Mei 2000. Ya tatu, ambayo kila mkaaji wa Kisangani anayaita Vita vya Siku Sita, yalianza tarehe 5 Juni 2000 na kwisha tarehe 10. Makombora yalirushwa kutoka upande mmoja wa mto Tshopo hadi mwingine, juu ya paa za watu. Nyumba, shule, hospitali na hata kanisa kuu viliguswa.

Mwezi wa Desemba 2000, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kupima hasara. Ulipata kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa na karibu 1,700 walijeruhiwa. Nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa au hazikufaa tena kukaliwa. Shule 69 zilipigwa makombora. Watu 65,000 walikimbilia misitu ya karibu.

Ujumbe huo haukuja kwa bahati. Tarehe 16 Juni 2000, siku sita tu baada ya milio kunyamaza, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304. Liliziamuru Uganda na Rwanda ziondoke, na likasema wazi kwamba serikali hizo mbili zinapaswa kulipa fidia kwa ajili ya watu waliokufa na mali iliyoharibika Kisangani. Liliomba pia hasara ipimwe ili iwe msingi wa malipo hayo.

Basi haki ya fidia ilitamkwa mapema kabisa, wakati majeraha yalikuwa bado mabichi. Lakini kuna jambo moja ambalo halikufanyika kwa wakati wake. Ujumbe ulihesabu watu, na kuhesabu si sawa na kuandika majina. Hakuna ofisi ya serikali iliyopita mtaa kwa mtaa, Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na kwingineko, ikaandika kwa utulivu nani alikufa, nani alikatwa mguu, nani alipoteza nyumba, halafu ikampa kila mmoja karatasi ya kuthibitisha. Mji ulikuwa bado mikononi mwa waasi, na serikali ya Kinshasa haikuwa na mkono huku. Miaka ikapita. Mashahidi wakafa, wengine wakahama, karatasi zikaoza.

Miaka 22 ya kungoja

Kongo ilikuwa imefungua mashtaka dhidi ya Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki tangu tarehe 23 Juni 1999. Tarehe 19 Desemba 2005, Mahakama ilitoa uamuzi kwamba Uganda ilivunja sheria za kimataifa na inapaswa kulipa. Kuhusu Rwanda, mambo yalikwenda tofauti. Tarehe 3 Februari 2006, Mahakama hiyo hiyo ilisema haina uwezo wa kusikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Haikusema Rwanda haina kosa. Ilisema tu kwamba mlango huo wa kisheria haukuwa wazi. Kwa mama aliyepoteza mtoto, ambaye hawezi kujua kombora lilitoka kwenye bunduki ya nani, tofauti hiyo ni ngumu kuelewa. Na hakuna ofisi iliyokuwa na kazi ya kumweleza.

Mazungumzo ya kiasi cha fidia kati ya Kongo na Uganda hayakufika popote, na kesi ikarudi kwa majaji. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama iliamua: Uganda ilipe dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 225 ni kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa utajiri wa asili uliochukuliwa. Malipo yangegawanywa mara tano, dola milioni 65 kila tarehe 1 Septemba, kuanzia 2022 hadi 2026. Uganda ililipa fungu la kwanza mwezi huo wa Septemba 2022. Mtoto aliyezaliwa chini ya makombora ya Juni 2000 alikuwa tayari na miaka 22.

Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Sababu moja kubwa ya pengo hilo ni ushahidi. Majaji walikubali kwamba vita huharibu karatasi na kwamba mtu aliyekimbia hawezi kuonyesha kila hati. Hata hivyo walieleza kwamba sehemu kubwa ya madai haikuwa na uthibitisho wa kutosha, ndiyo maana walitoa kiasi cha jumla badala ya kuhesabu mtu mmoja mmoja. Ofisi isiyopokea na kutunza malalamiko mapema haimchoshi mhanga tu. Inapunguza pia haki ambayo nchi nzima itaweza kudai kesho.

Hukumu ya 2022 ilikuwa na jambo lingine ambalo halizungumzwi mara nyingi redioni. Majaji walipokea ahadi iliyotolewa na Kongo mbele yao. Ahadi hiyo ilisema kwamba fedha zitagawiwa wahanga kwa haki na kwa ufanisi, chini ya usimamizi wa vyombo vyenye wajumbe wa wahanga wenyewe na wa mashirika ya kiraia, na kwa msaada wa wataalamu wa kimataifa. Waliongeza kwamba ni vema pia kufikiria miradi itakayofaa jamii nzima iliyoumia. Kwa hiyo kipimo kipo. Mhanga anayeuliza fedha zinakwenda wapi anaikumbusha serikali neno lake yenyewe.

Ofisi ya fidia na foleni ya malalamiko

Chombo cha kugawa fedha kiliundwa kwa amri ya waziri mkuu mwezi wa Desemba 2019, kabla hata hukumu ya fidia haijatoka. Ni FRIVAO, mfuko maalumu wa fidia kwa wahanga wa shughuli haramu za Uganda nchini Kongo au warithi wao. Makao yake yaliwekwa Kisangani, na watu wengi waliona hilo ni heshima kwa mji ulioumia sana.

Lakini tangu fedha zianze kuingia, Kisangani imesikia zaidi malalamiko kuliko shukrani. Kuna wahanga waliosema majina yao hayaonekani kwenye orodha. Wengine walisema orodha ina majina ya watu ambao hawakuumia. Wengine walipewa sehemu tu, bila kuelezwa iliyobaki itakuja lini. Waliandamana, wakaketi mbele ya ofisi, wakaandika barua. Mwaka 2024 waziri wa sheria wa wakati huo, Constant Mutamba, aliwasimamisha viongozi wa mfuko huo kwa tuhuma za usimamizi mbaya.

Mwaka mmoja baadaye, waziri huyo mwenyewe alikuwa mbele ya majaji. Tarehe 2 Septemba 2025, Cour de cassation mjini Kinshasa ilimhukumu miaka 3 ya kazi za sulubu kwa ubadhirifu unaohusu dola milioni 19 zilizotengwa kwa ujenzi wa gereza jipya Kisangani. Upande wa mashtaka ulieleza kwamba fedha hizo zilitoka kwenye akaunti ya FRIVAO. Yeye alikana makosa hayo hadi mwisho.

Kila mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya kesi hiyo. Ila kuna swali lililo chini yake. Kama kungekuwa na utaratibu wa wazi wa kupokea malalamiko, wenye daftari linaloonekana na wajumbe wa wahanga ndani yake, je, uamuzi wa kutumia mamilioni ya fedha za wahanga kwa gereza ungepita bila wao kuulizwa? Malalamiko ni kengele. Ofisi inayoziba masikio haizimi moto kwa kufanya hivyo.

Wale wa 2002: mlango wao uko wapi?

Kuna wahanga wengine wa Kisangani ambao mara nyingi huchanganywa na wale wa Vita vya Siku Sita. Tarehe 14 Mei 2002, baada ya uasi wa askari ndani ya RCD-Goma, kundi hilo liliua raia, polisi na wanajeshi. Mauaji yalifanyika Mangobo, kwenye daraja la Tshopo na upande wa Bangboka. Miili ilitupwa mtoni. Familia nyingi hazikuzika.

Fedha za Uganda hazikusudiwi kwa mauaji hayo, kwa sababu Uganda haikuhukumiwa kwa ajili yake. Lakini sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliunda mfuko mwingine wa taifa, FONAREV, kwa ajili ya wahanga wa ukatili wa kingono unaotokana na vita na wahanga wa makosa makubwa dhidi ya amani na usalama wa binadamu. Kwa maneno mepesi, kuna milango miwili. Mjane wa 2002 anayepanga foleni kwenye mlango wa kwanza anaweza kukaa mwaka mzima, kisha akaambiwa tu kwamba hayuko kwenye orodha. Hakuna anayemdanganya, ila hakuna pia anayemwonyesha njia. Ofisi nzuri haisemi "si hapa" halafu inyamaze. Inapokea dosie, inaipeleka inapotakiwa, na inampa mwenyewe karatasi inayosema imepelekwa wapi.

Sheria inasema nini

Watu wengi hudhani jibu la ofisi ni hisani ya mkubwa. Sivyo. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine. Mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kushtakiwa kwa sababu tu amepeleka ombi.

Umoja wa Mataifa nao ulipitisha tamko juu ya wahanga wa uhalifu tarehe 29 Novemba 1985. Linasema mhanga atendewe kwa heshima. Ajulishwe dosie yake imefika wapi, na maoni yake yasikilizwe. Siri na usalama wake vilindwe, na asicheleweshwe bila sababu. Desemba 2005, mwezi uleule wa hukumu ya kwanza ya La Haye, Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni nyingine juu ya haki ya wahanga wa makosa makubwa kupata fidia.

Haya si mambo ya kinadharia tu. Baada ya Iraki kuivamia Kuwait, Umoja wa Mataifa uliunda mwaka 1991 tume ya kulipa hasara. Ilipokea madai karibu milioni 2.7. Ilianza na watu wadogo: waliofukuzwa, waliojeruhiwa, waliofiwa. Iliweka viwango vinavyojulikana ili mtu asipate zaidi kwa sababu anamjua mkubwa. Malipo yake ya mwisho yalifanyika Januari 2022, baada ya kulipa zaidi ya dola bilioni 52.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Bogoro, katika jimbo jirani la Ituri, kijiji kilichoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa amri ya fidia katika kesi ya Germain Katanga, tarehe 24 Machi 2017, ilikuwa imepokea maombi 341. Kila ombi lilichunguzwa peke yake. Watu 297 walikubaliwa, wakapangiwa dola 250 kila mmoja kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja ya makazi, masomo na kazi za kujipatia kipato. Fedha hizo ni kidogo, na hakuna anayesema dola 250 zinarudisha ndugu aliyeuawa. Lakini aliyekubaliwa alijua kwa nini, na dosie ya aliyekataliwa nayo ilikuwa imesomwa.

Namna ya kupokea malalamiko

Kutokana na historia hii, kazi ya ofisi za serikali Kisangani inaweza kuelezwa bila maneno makubwa.

Kwanza, kila malalamiko yaandikwe kwenye daftari, na mhanga apewe karatasi ya mapokezi yenye tarehe, nambari na muhuri. Asiyejua kusoma aandikiwe, kisha asomewe kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Lingala au lugha ya kwao.

Pili, tarehe ya jibu itajwe siku hiyo hiyo. Miezi mitatu ya Katiba ndiyo mwisho, si mwanzo wa kuhesabu.

Tatu, jibu litoe sababu. "Dosie haikukubaliwa" si jibu. "Dosie haikukubaliwa kwa sababu inakosa ushahidi wa kifo, na unaweza kuleta mashahidi wawili" ni jibu.

Nne, anayelalamikiwa asiwe ndiye anayeamua. Lalamiko dhidi ya mfuko lisiishie mezani kwa mfuko. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, ina kazi ya kupokea malalamiko ya wananchi. Kuna wakaguzi wa fedha za serikali, na kuna ofisi ya mwendesha mashtaka. Mhanga aelezwe njia hizo bila kulazimika kuziuliza.

Tano, siri ilindwe. Mwanamke aliyebakwa asiitwe jina lake kwa kipaza sauti mbele ya umati. Orodha ya malipo inaweza kukaguliwa na wajumbe wa wahanga bila kueleza kila mtu alifanyiwa nini.

Sita, hesabu zitangazwe redioni kila baada ya muda unaojulikana: malalamiko mangapi yameingia, mangapi yamejibiwa, fedha kiasi gani zimetoka.

Wahami wa leo wasirudie ya jana

Mambo haya yanawahusu pia watu wasiokuwa wamezaliwa mwaka 2000. Tangu Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, kwenye ukingo wa kushoto wa mto katika komine ya Lubunga na maeneo ya karibu, umeua watu, umechoma nyumba na kuzifukuza familia nyingi kutoka vijiji vyao. Baadhi ya familia hizo bado zinaishi kama wahami ndani ya Kisangani.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Mhami ndiye asiyekuwepo: siku ya kuandikisha majina yuko msituni au kwa jamaa mbali na kwao, na siku ya kulipwa hana anwani. Ndiyo maana ofisi zinapaswa kumfuata alipo, bila kungoja arudi kijiji ambacho huenda hakipo tena.

Na wakati ofisi zinajipanga, familia zinaweza kutunza kile ambacho Kisangani ya mwaka 2000 haikukitunza. Ziandike majina kamili ya waliokufa, tarehe na mahali. Zitaje mashahidi wawili au watatu na namna ya kuwapata. Zihifadhi karatasi ya hospitali, picha ya nyumba kabla na baada, na nakala ya kila barua iliyopelekwa ofisini. Nakala moja ikae kwa mtu mwingine anayeaminika, maana turubai linaungua na mvua inalowesha.

Wahanga wa Kisangani walingoja miaka 22 ili fedha zitoke Uganda. Kutoka ofisi ya mfuko hadi Mangobo ni mwendo wa pikipiki wa dakika chache. Fedha zilishavuka mpaka. Jibu kwa aliyelalamika halina mpaka wa kuvuka, wala halihitaji hukumu nyingine kutoka La Haye.